Kodi ya Mtu Wetu

…pauni mia mbili na arobaini, Abdow, mia mbili na arobaini zangu ziko wapi, alisema Deka bila kugeuka, maana chai ilikuwa motoni na maziwa hayana adabu, ukiyapa kisogo yanamwagika, na tena akigeuka atauona uso wa binamu yake umejaa furaha, na furaha ile ndiyo iliyokuwa ikimchoma asubuhi hii kuliko pesa zenyewe, nakuuliza kwa mdomo safi, ziko wapi, na Abdow, aliyekuwa amejibwaga kwenye kochi la sebuleni na viatu vyake miguuni, mlango wa jikoni ukiwa wazi kati yao, akacheka, eti leo, leo ndiyo siku ya kuniuliza pesa, Deka, dunia nzima haijalala, mtoto wa Mkenya amechaguliwa rais wa Marekani, mtu wetu, walaal, ndugu yangu, mtu wetu anaingia Ikulu ya wenye dunia, na wewe umesimama hapo na mwiko unadai sarafu kama kanjo! … Kanjo. Amemwita kanjo. Yeye, ambaye mama yake amekimbizana na askari wa kanjo miaka nenda miaka rudi katika soko la Isiolo, dumu la maziwa ya ngamia mgongoni, akilipa ushuru wa baraza la mji asubuhi na kuambiwa mchana hajalipa, leo yeye ndiye kanjo, na mla pesa ndiye mwananchi … haya, tulia, Deka, hasira zako zitakuua kabla ya digrii, punguza moto, koroga. Televisheni ilikuwa ikirudia mambo yaleyale, uwanja wa Chicago umefurika, mwanamume mrefu mwembamba anatokea jukwaani na mkewe na mabinti wawili, watu wazima wanalia bila kujifuta, na Deka alikuwa amelia pia, alfajiri, peke yake, amejizongea blanketi, alilia mpaka akajishangaa, kwa sababu yeye si mtu wa kuwalilia wanasiasa, aliapa Januari iliyopita kwamba siasa haitamtoa tena chozi, na huku nje vijana wa Selly Oak, mtaa wao hapa Birmingham, walikuwa wanalipua fataki, zile fataki za Waingereza za kila Novemba, mwaka jana zilimfanya aruke kitandani akidhani ni risasi, mwaka huu aliamua tu kwamba ni za ushindi na hakuna wa kumkataza, akasimama dirishani akapiga makofi, mtu wetu, alisema kwa sauti, mtu wetu, na lile neno lilikuwa tamu mdomoni kama halua … na bado mia mbili na arobaini haziko.

Maana jana, kabla hata kura ya kwanza haijahesabiwa, mlango ulibishwa mchana, akafungua, akamkuta mtu wa koti jeusi mwenye sauti laini, ile adabu ya Kiingereza inayotangulia msiba, samahani kukusumbua, yupo Bwana Abdow, ni habari ya kodi ya kaunsili, ya baraza la mji, haijalipwa tangu mwaka jana, hata peni, na Deka, mjinga wa mwisho, mhasibu mtarajiwa, akamjibu kifua mbele, umekosea nyumba, bwana, hapa tunalipa, mimi mwenyewe natoa ishirini kila mwezi, na yule mtu hakubishana, alimtazama vile unavyomtazama mtoto anayekuambia baba yake ni tajiri, akasema hayo ni mambo ya Bwana Abdow, nitarudi, akaenda zake, akaacha mlango wazi na aibu … ishirini kila mwezi, kuanzia Oktoba aliyofika mpaka Septemba iliyofuata, mwaka mzima, noti moja ya ishirini ameikunja mara mbili kama mama yake anavyokunja, alikuwa anamkabidhi pale pale mlangoni pa jikoni, kaka, shika ya kaunsili, naye anaipokea kwa mkono wa kulia, Mungu akuzidishie, na risiti hakuomba, utamwombaje risiti mtoto wa mama mkubwa, hiyo si sawa na kumtemea mate, kwao mkubwa wa nyumba ndiye anayeshika karatasi zote, mdogo anatoa, mkubwa anapeleka, ndivyo kisima kilivyochimbwa, ndivyo mahari zilivyolipwa, ndivyo ukoo ulivyochanga ukamsomesha Abdow huyuhuyu huku, mama akauza mbuzi wake sita wa maziwa na hakuna aliyemwandikia popote, na sasa jitu zima linakaa kwenye kochi linasema, nimesema nitakulipa, kwani nimekimbia, kaunsili ni serikali, serikali haifi njaa, tazama, tazama yule mama wa kofia anavyolia, wallahi hata mimi machozi yananilenga … sikuulizi utanilipa lini, alisema Deka, nakuuliza zilikwenda wapi, hayo ni maswali mawili, na Abdow akapiga mluzi, aah, mwalimu wa hesabu ameamka! Ndiyo, ameamka, na hizo hesabu hakufundishwa na mtu, darasa la nane liliisha na ada haikuonekana, akakaa nyuma ya madumu na vitabu vya mitumba, kimoja kilikuwa kimechanwa kurasa zote za majibu, akawa anakokotoa bila kujua kama amepata au amekosa, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, amekaa kati ya watoto wa sare na yeye ana buibui, na mji mzima ulicheka mpaka siku matokeo yalipobandikwa, basi usimcheke mtu aliyejifunza mwenyewe, huyo akijua kitu amekijua kwa jasho lake, na akidhulumiwa …

Jamani, mtu wenu hajakalia hata kiti chake na nyinyi mnapigana tayari? Ushma huyo, anaingia jikoni nywele mbichi, koti lake jeupe la famasia mkononi, Ushma wa Nakuru, binti wa mwenye duka la jumla, aliyepanga chumba cha juu mwanzo wa Septemba akaikuta sheria ya nyumba imebandikwa kwenye friji, humu ndani ni Kiswahili tu, hakuna Kisomali, hakuna lugha ya kwenu, mtu asisengenywe huku anakunywa chai, na aliyeitunga sheria hiyo ni Abdow mwenyewe, enzi alipokuwa na mpangaji Mkongo, alipenda kuwaambia wageni, nyumba yangu ni nyumba ya uwazi … Dada Deka, niwekee kikombe, tangawizi kidogo leo, halafu, kaka Abdow, ile ishirini uliyoniitisha ya kaunsili, mimi nimewapigia simu jana, nikangoja mpaka sikio likawa moto. Na Abdow, kutoka kochini, ndiyo mara ya kwanza hakucheka, akauliza, nani kakutuma? Baba yangu, akasema Ushma, anapekua kabati anatafuta kikombe chake chenye mpini, kwetu dukani hata mama akichukua sukari anaandikiwa, baba ameniambia kabla hujatoa uliza, nimeuliza, hatulipi. Nani halipi? aliuliza Deka. Sisi. Mwanafunzi halipi. Nusu? Si nusu, dada, hakuna kitu, sifuri, nyumba ikiwa na wanafunzi watupu haidaiwi, chuo chenyewe kinawapelekea majina, na akiwapo mmoja ambaye si mwanafunzi wanamwandikia yeye, yeye peke yake, sisi wengine hatuguswi, kwani hamkujua? Na wewe unasoma uhasibu!

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Haikuingia, kwanza, ilikwama mlangoni mwa sikio kama mgeni asiyejua kama ameitwa … mwanafunzi halipi, halipi, serikali gani hii inayokuambia usilipe, unasoma, tulia, lete jina tu, kwao hata mtoto anayeuza njugu kwenye karai anatozwa, hata maiti ikipitishwa mjini kuna kibali, kodi ni kodi, ameijua kodi kabla ya kuijua alfabeti, na hapo ndipo alipoponzwa, kwa kuijua, yeye anayesoma kila kitu, anayesoma maandishi ya nyuma ya pakiti za chumvi, aliyesoma mkataba wa nyumba mara tatu kwa kamusi, hili hakulisoma kwa sababu alidhani analijua, mtu wa baraza atakuja, utatoa, mkubwa atapeleka, kuna nini cha kusoma … na huyu Ushma, alimcheka moyoni miezi miwili, alimwita bahili, alimwona vile anavyodai risiti ya mkate na maziwa, akasema kimoyomoyo hawa watu wa maduka hawana undugu, kumbe bahili ni mtu anayeuliza tu, astaghfirullah, kuuliza tu … nyumba ikiwa na wanafunzi watupu haidaiwi. Nyumba hii inadaiwa. Mtu wa koti jeusi hakuuliza Deka yupo, hakuuliza Ushma yupo. Akahesabu, hesabu ya mtoto wa chekechea, mimi ni mwanafunzi, Ushma ni mwanafunzi, koti lake hilo hapo linadondosha maji ya nywele, wa tatu … Kule sebuleni sauti ya televisheni ilipanda. Abdow alikuwa ameshika rimoti, anaongeza, anaongeza, mpaka makelele ya Chicago yakajaa jikoni kama maji.

Hapana. Si Abdow. Abdow ni mhandisi, yuko mwaka wa mwisho, Isiolo nzima inajua, mama mkubwa ana picha yake ukutani amevaa joho la kuazima, huu mwaka wa mwisho umekuwa mrefu kidogo, ndiyo, amesema kuna mazoezi ya kazi, ghala la vipuri kule Aston, ni sehemu ya kozi, walaal, lazima ujue nati kabla ya kuchora mashine, na anaondoka jioni na anarudi na treni ya asubuhi, mikono ina mafuta, na Deka alijivunia yale mafuta, alimwambia mama kwenye simu, kaka anafanya kazi za mikono pia, si mtu wa kujiona, na mkoba, mkoba wake wa vitabu haumwachi, uko pale sasa hivi chini ya kochi, ndani kuna kile kitabu kinene cha mekanika, siku moja alikiokota kikaanguka kikafunguka penye alama, tiketi ya treni imewekwa sura ya tatu, wiki nyingi baadaye kikaanguka tena, tiketi ileile, sura ya tatu ileile … macho yake yaliona. Macho yaliona, moyo ukayaambia yanyamaze. Tangu lini? Mtu wa koti amesema tangu mwaka jana, basi hata siku ile Abdow alipompokea uwanja wa ndege, amembebea koti lake mwenyewe kwa sababu alijua atakuja na nguo nyepesi za jua la Isiolo kwenye baridi ya Birmingham, hata siku ile alikuwa ameshatoka chuoni, na ndani ya gari la rafiki yake alikuwa akimwonyesha madirishani, kule ndiko ninakosoma, ule mnara unauona, saa ile, kule … alimwonyesha mnara. Mbuzi sita wa mama ni ule mnara.

Sasa utasemaje, Deka? Utamuumbua mbele ya msichana wa watu? Na kwani amekuua? Amekupa kitanda, yeye analala kwenye kochi hilo hilo analokalia, kwa nini hakuwahi kujiuliza mkubwa wa nyumba analalaje kwenye kochi, na Januari, Januari ile, usisahau Januari, watu wanachinjana nyumbani kwa ajili ya kura, na mama amekwama Nairobi na maziwa yake, Eastleigh, simu haishiki, siku ya kwanza haishiki, siku ya pili haishiki, na Deka yuko chini hapa sakafuni anatapika maji matupu, ni Abdow aliyekuwa anarudi kila siku na kadi za simu, zile za kukwangua, zimejaa mfuko wa koti, anakwangua kwa funguo, anapiga yeye, anasikiliza yeye, akisikia kimya anasema laini imebanwa tu, hiyo ni laini tu, anakwangua nyingine, mpaka siku sauti ya mama ikatoka ndani ya mashine, kavu, bila salamu, nipo, maziwa ndiyo yameharibika, na wao wawili wakaangukiana wakacheka kama vichaa, na Deka alimwombea dua siku ile, dua ndefu, alisema sina kaka wa tumbo moja lakini Mungu amenipa huyu … kadi zile. Pauni tano moja. Mfuko mzima. Alikuwa ananunua na pesa za nani?

Chai ikaanza kupanda ukingoni. Akapunguza moto, mkono wake ukafanya wenyewe, kichwa hakikuwepo, kichwa kilikuwa Isiolo, ana miaka kumi na mmoja, jua la saa sita, wanawake wa maziwa wamekaa chini na diwani amekaa juu ya kiti cha plastiki, diwani Warsame, mtu wetu, damu yetu, tulimpigia kura kwa kugombana na watu wa mtaa wa pili, na mama yake anasimama, mama ambaye husimama mara moja kwa mwaka, anasema, diwani, tunalipa tiketi ya kanjo kila siku ya Mungu, ulituahidi choo cha wanawake hapa sokoni, tunajisitiri kwenye magunia, choo kiko wapi, na Warsame hakukasirika, afadhali angekasirika, alitabasamu, akafungua mikono hivi, mama, kwani mimi si mwanao, si damu yako, utaniuliza mimi mbele ya makabila ya watu? Na wazee wakapiga ulimi, ntch, na mama … mama alikaa. Alikunja kanga yake akakaa. Na jioni yake gari la diwani likaleta sukari, kilo mbili kwa kila mwanamke, na wakamwimbia, mama akaimba, Deka akaimba, mpaka leo ule wimbo akiwa anafua unamtoka bila ruhusa, na miaka ilipita ndipo siku moja, kwenye kile kitabu kisicho na majibu, kulikuwa na swali la mfanyabiashara na faida, akaacha swali akaandika tiketi za mama pembeni, akaandika bei ya sukari, akatoa, na akakaa muda mrefu na penseli mdomoni, maana ile sukari ilikuwa ya mama. Ilinunuliwa kwa pesa za mama, na bado akaambiwa asante ni kwako mheshimiwa, na bado akaimba … kadi za simu ni sukari. Ya Allah. Kadi za simu ni sukari, nilimwombea dua kwa pesa zangu mwenyewe, na kilichomtia baridi mgongoni hakikuwa wizi, mwizi anamjua, mwizi ana sura ya mwizi, kilichomtia baridi ni kwamba mtu aliyekwangua zile kadi moja baada ya moja alikuwa anampenda kweli, alikuwa analia kweli, mtu anaweza kukupenda na bado akala chako, kwa mkono uleule, na ukimuuliza atakufungulia mikono, mimi si damu yako?

Na kule kwenye kioo wakaleta sasa yule mzee mwingine, aliyeshindwa, wanamrudia kila baada ya muda, amesimama kwenye nyasi usiku wa kwao, mkewe pembeni, anasema wananchi wamenena, nimempigia simu mwenzangu nimempongeza, na watu wake wanazomea, wake mwenyewe, na yeye anainua mikono anawanyamazisha, na alfajiri Deka alipoona hivyo ndipo hasa machozi yalipomtoka, si kwa mshindi, sasa anajua, alikuwa hajakubali tu kujiambia, alilia kwa aliyeshindwa, kwa sababu alikuwa hajawahi kuona, katika umri wake wote hajawahi kumwona mwanamume mzima amesimama mbele ya watu anasema nimeshindwa na mbingu hazidondoki, nyumbani kura zilihesabiwa mwaka jana na mpaka kesho hakuna aliyeshindwa, wote walishinda, na watu walichomwa kwa sababu kila mtu ana mtu wake na mtu wake hawezi kushindwa wala kukosea wala kuulizwa … Mzee kabwagwa, alisema Abdow kwa sauti ya juu, anacheka peke yake, mtazameni, kabwagwa mchana kweupe, aibu gani hii, mimi ningehama nchi. Na Deka akawaza, ndiyo, wewe ungehama. Wewe ulifeli mtihani ukahamia Aston na mkoba wa vitabu. Na wale wa Chicago wanaolia, wanalia nini, hawalii kwa sababu ni binamu yao, wanalia kwa sababu wamemwajiri, kila mmoja ana kodi yake pale, baada ya miaka minne watamwambia simama, choo kiko wapi, na hatawaambia yeye ni damu yao, na akiwaambia hawatakaa chini … wala si mtu wangu yule, alisema moyoni, na lile neno la halua likawa chungu ghafla, mtu wetu, mtu wetu, ni neno la kumkalisha mama yangu.

Deka, alisema Abdow. Amesimama sasa, amefika mlangoni, viatu havijafungwa kamba, na karibu, chini ya taa ya jikoni, ngozi chini ya macho yake ni ya mtu ambaye hajalala mwaka mzima, na akashuka kwenye Kisomali, polepole, Kisomali cha kwao cha nyumbani, cha mama mkubwa na mama yake wakipikiana, akasema dada yangu, si mbele ya huyu, nisitiri, walinitoa mwaka wa pili, nilirudia nikafeli tena, ningewaambia nini, mbuzi wa mama yako, ngamia wa mjomba, ningewaambia nini, pesa zako nilikuwa nazipeleka kweli mwanzoni, moyoni nilikuwa nazipeleka, kisha kodi ya nyumba, kisha zile kadi, wewe unajua zile kadi, mimi na wewe ni nani na nani hapa, tuna nani, na Ushma ameshika kikombe kitupu anamtazama huyu, anamtazama yule, haelewi neno, na Deka aliona vile ilivyo rahisi, jamani, ilivyo rahisi, ni kusema basi yaishe tu, kwa lugha hiyohiyo, ni kukunja kanga na kukaa, chai itamiminwa, Ushma ataona kwamba mambo ya wenyewe yameisha wenyewe, mama Isiolo ataendelea kuitazama picha ya joho, mtu wa koti jeusi atarudi na mkubwa wa nyumba atajificha chooni, na mwezi ujao kutakuwa na noti nyingine imekunjwa mara mbili, kaka, shika, na utamu wake, utamu wa kusitiri, aliusikia kabisa kwenye ulimi, ni kilo mbili za sukari … na hasira, ajabu, hasira yake ya kila siku, ile inayompanda kama maziwa, aliitafuta hakuiona. Ilikuwa imekwenda. Mahali pake palikuwa na kitu kikavu, kigumu, kama sauti ya mama ndani ya simu, nipo.

Sema kwa Kiswahili, kaka, alisema. Sheria ni yako. Abdow akafumba macho, akafumbua. Kwenye kioo watu bado walikuwa wanalia, mwanamume mwembamba bado anapunga mkono, hajashuka jukwaani, chai bado haijamiminwa. Deka akazima jiko, akaweka mwiko, akafuta mkono kwenye dera, akaunyoosha kati yao, kiganja juu, na sauti yake haikupanda hata kidogo, ilikuwa sauti ya mtu anayetaja bei ambayo wote sokoni wanaijua, mia mbili na arobaini, kaka, utanipa ishirini kila mwezi, mkononi, papa hapa mlangoni, kama nilivyokupa, na risiti nitakuandikia mimi, na kwa mama mkubwa utapiga simu mwenyewe, mimi sitasema na sitaficha. Nitaanza mwisho wa mwezi, alisema Abdow, kwa Kiswahili. Hapana, alisema Deka, mkono uko palepale. Ya kwanza ni leo. Nipe ishirini.